Filamu Mbovu, Mwisho wa Dhahabu

Jumapili, tarehe 3 Machi

Leo filamu ya mpelelezi mstaafu anayechechemea. Mbovu. Dakika ya tano anachechemea mguu wa kulia, dakika ya kumi wa kushoto. Muziki wa kutisha kila anapofungua mlango, hata mlango wa friji! Mimi si mtaalamu. Ni mtazamaji wa kawaida, mjalidi wa vitabu kwa miaka ishirini na miwili. Lakini mguu unaouma naujua.

Usingizi ukanipitia hapo kwenye friji. Si kosa langu. Jumapili tunakula saa saba, tunakaa kwenye kochi saa nane, na kochi letu lina shimo upande wangu. Mama Pacha, mke wangu, hukaa upande wa dirishani, mapazia ya watu mapajani, anashona pindo huku akitazama. Yeye halali. Fundi wa mapazia akisinzia na sindano mkononi ataamka ameshonwa pamoja na kochi.

Nilipoamka chai ilikuwa tayari. Nikauliza kama kawaida yetu: ikawaje? Akachomeka sindano kwenye kitambaa, akanisimulia. Kumbe mwizi alikuwa mwalimu wa zamani wa yule mpelelezi, ndiye aliyemfundisha kusoma. Wakaketi kibarazani mpaka chai ikapoa. Kisha mpelelezi akaenda zake. Akapanda ngazi za nyumbani kwake, na kwenye ngazi ya mwisho akagundua kwamba hachechemei tena.

Mwili ulinisisimka. Filamu ya hovyo vile, mwisho mzuri namna ile! Na si mara ya kwanza. Ndiyo kanuni yangu, nimeitunga mwenyewe kutokana na miaka kumi na tisa ya Jumapili: filamu mbovu huficha dhahabu yake mwishoni. Watu wanaondoka mapema, wanaikosa.

Kanuni hii sasa itanitoa. Jarida la mtaa tunalolichapa kila Ijumaa lina ukurasa mtupu tangu mtabiri wa nyota avunjike mguu, jambo ambalo hakulitabiri. Meneja anataka ukurasa huo uwe wa maoni ya filamu. Tunaoutaka tuko wawili: mimi na msahihishaji wetu, tunayemwita Nukta kwa sababu hata nukta haimpiti. Miaka ishirini na miwili nafunga maneno ya wenzangu ndani ya majalada. Nataka na jina langu lichapwe. Mara moja tu. Halafu kila Ijumaa.

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Nimepeleka. Kichwa: "Filamu Mbovu, Mwisho wa Dhahabu." Nimeandika kwamba niliitazama bila kupepesa macho. Kweli tupu. Macho yaliyofumbwa hayapepesi.

Nukta naye kapeleka. Makosa arobaini na moja ya filamu ya manowari, yamepangwa kwa namba, pamoja na saa ya ukutani iliyorudi nyuma robo saa. Yeye kanuni yake ni kwamba filamu zote huharibikia mwishoni. Kinyume changu kabisa! Huyu bwana hutazama mpaka majina ya madereva yapite. Mtu wa namna hiyo hana mapenzi moyoni.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Meneja kaniita ofisini. Karatasi yangu ilikuwa mezani kwake, miwani kaivua. Akaniuliza nawezaje kuliona jambo kama lile la ngazi. Nikamjibu ni kipaji, ninacho tangu utotoni. Mzee wa Gundi, mwenzangu wa meza moja, alikuwa mlangoni akisubiri sahihi. Akakohoa. Alishawahi kunikuta nimelala nimesimama mbele ya mashine ya kukata karatasi.

Uamuzi: Ijumaa hii atachapa yangu peke yake. Ijumaa ijayo mimi na Nukta tutaandika juu ya filamu moja, atakayoichagua yeye Meneja, wasomaji walinganishe. Atakayependwa anachukua ukurasa.

Nimetembea kwa miguu mpaka nyumbani, najisikia mrefu.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

JINA LANGU! Herufi nene! Nimelisoma kwa mbali, nimelisoma kwa karibu, nimelisoma kwenye kioo.

Nimebeba nakala tano nyumbani. Mama Pacha akafuta mikono, akavaa miwani, akasoma. Yeye akisoma husoma mpaka nukta ya mwisho, kisha hugeuza karatasi kuangalia kama kuna kitu nyuma. Akageuza. Akaniuliza kama pale nilipoandika "hachechemei tena" ni maneno yangu. Nikasema ni maneno ya filamu. Akaniuliza kama sikuona haja ya kutaja nilikuwa nimekaa na nani. Nikamweleza kwa upole kwamba nafasi ilikuwa ndogo, maneno mia tatu tu, na kwamba mtazamaji kwa asili yake ni mtu mpweke.

Alichukua nakala moja, akaiweka juu ya kitambaa, akaikata iwe kipimo cha kushonea mfuko wa vibanio vya nguo. Jina langu liko pembeni kwenye mshono.

Wanawake huchelewa kuonyesha furaha.

Jumapili, tarehe 10 Machi

Siku ya mtihani. Filamu ya Meneja: mwanamke anamtafuta dada yake aliyepotea katika mji wenye ukungu. Saa mbili na nusu, na saa moja na nusu yake ni ukungu. Watu wanaongea wakitazama pembeni. Kila anayeulizwa swali hujibu kwamba kuna mambo ni heri yasijulikane. Basi mmetuita kuja kutazama nini?

Safari hii nilijipanga. Miguu ndani ya beseni la maji baridi. Kibanio cha nguo kwenye sikio. Na nilikaa kwenye kiti cha jikoni, si kochini. Mama Pacha alinitazama kuanzia sikio mpaka beseni, akarudi kwenye pindo lake.

Nikalala. Maji yalikuwa yamepata joto.

Nilipozinduka sikio lilikuwa limevimba na filamu imekwisha. Nikauliza: ikawaje? Akasema mwisho ulikuwepo, ungeuona. Nikadhani ananitania. Nikauliza tena. Akasema mtazamaji kwa asili yake ni mtu mpweke, akainuka, akaenda kupiga pasi.

Chai haikuwepo leo. Nimekunywa maji, si yale ya beseni.

Jumatatu, tarehe 11 Machi

Nimetafuta mwisho kiwanda kizima. Kwa ujanja, bila kuonyesha. Nilimuuliza Mzee wa Gundi ameionaje ile ya ukungu. Akasema aliizima mbwa alipokufa. Sikujua kama kuna mbwa! Dada wa mapokezi alifika mpaka kwenye mnara wa kanisa, akaanza kusuka nywele za mwanawe. Dereva alidhani ni televisheni imeharibika. Hakuna aliyemaliza. Hapo ndipo ilipo siri ya filamu mbovu: zina mwanzo wa watu wote na mwisho wa watu wawili. Mmoja ni Nukta, na kwake siulizi hata nikifa.

Jioni nikaiweka tena tangu mwanzo, maana kuisogeza mbele ni wizi, nimesimama. Usingizi ukanichukua palepale kwenye ukungu, nikaangukia kikapu cha mapazia. Mama Pacha alinitoa sindano tatu. Alinitoa taratibu, lakini bila kusema neno.

Nyumba ikiwa kimya hivi najisikia vibaya. Naandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma. Sikujua kwamba Jumapili yangu yote ilikuwa ile robo saa ya chai.

Jumanne, tarehe 12 Machi

Mkono mtupu haulambwi. Nimetoka kazini mapema. Nimetia mafuta cherehani yake. Nimebana mguu wa meza uliokuwa ukicheza tangu pacha wako darasa la nne. Nimepika chai mwenyewe. Kisha nikasema nimekosa. Akauliza nimekosa nini. Nikamumunya maneno, nikasema nimekosa mwisho.

Alisogeza kitambaa chake kando. Halafu akaketi, akasimulia, na safari hii hakuwa anashona.

Alisema yule mwanamke alizunguka mji mzima katika ukungu, akagonga kila mlango, mpaka viatu vikaisha soli. Akarudi nyumbani kachoka. Akawasha taa. Na dada yake alikuwa hapo, kwenye kiti cha pili mezani. Hakuwahi kupotea. Siku zote alikuwa amekaa hapo, anamwekea chakula, anamjibu. Aliyekuwa akitafuta ndiye ambaye hakuwahi kugeuza shingo.

Nilipigwa na butwaa. Mwisho wa dhahabu kuliko yote! Nikamwambia mwandishi wa filamu ile ni mtu hatari, anaijua mioyo ya watu. Mama Pacha akaniuliza kama hayo tu ndiyo niliyoyaona. Nikamwambia hapana, nimeona pia kwamba ukurasa ni wangu, na nikakimbilia kalamu.

Niliandika mpaka wino ukaisha. Nilipoinua kichwa alikuwa bado ameketi hapo, kwenye kiti chake, ananitazama. Nikamuuliza kama chai imebaki.

Ijumaa, tarehe 15 Machi

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na urefu wa wiki moja.

Maoni yametoka ukurasa mmoja, bega kwa bega. Kushoto mimi: kiti cha pili, taa, shingo isiyogeuka. Kulia Nukta: filamu inaishia kwa helikopta. Dada anapatikana kisimani, mchumba wa mtu anapiga risasi, helikopta inalipuka, ukungu unaondoka. Makosa ishirini na tisa.

Meneja akatuita wote wawili. Nukta akaja na filamu yenyewe. Akaisogeza mpaka mwisho mbele ya macho yetu. Helikopta! Kubwa! Hakuna kiti, hakuna meza, hakuna taa. Nikajitetea kwamba huenda kuna toleo jingine. Nukta akasema kwa adabu, na adabu yake ndiyo iliyoniuma, kwamba ameangalia pia ile ya mpelelezi. Mwizi ni mhudumu wa hoteli. Mpelelezi anafia ndani ya gari na anachechemea mpaka anaingia kwenye gari hilo. Hakuna mwalimu. Hakuna ngazi, nyumba yake ni ya chini.

Meneja aliniuliza nimeyatoa wapi. Nikaomba anisubiri mpaka Jumatatu. Si kwamba nilificha. Anayejua alikuwa nyumbani, dirishani.

Jumamosi, tarehe 16 Machi

Leo nimemuuliza Mama Pacha. Nilidhani nitamuuliza kwa ukali. Sauti ikatoka ndogo.

Hakukana. Alisema ilianza pacha wakiwa na miezi minane, wanaumwa surua wote wawili. Nilikuwa sijalala siku nne. Jumapili ile nikasinzia kwenye kochi, filamu ikaishia kwa ajali ya basi, wakafa wote, hata yule mtoto. Nikaamka nikauliza ikawaje. Anasema uso wangu ulikuwa uso wa mtu anayesubiri habari njema, na yeye habari ya basi ikamshinda kusema. Akatunga nyingine.

Jumapili iliyofuata nikalala tena, nikauliza tena.

Nikamtajia moja moja. Yule daktari aliyemwandikia adui yake barua? Yake. Yule msichana aliyerudisha kinanda? Yake. Nikaogopa kuuliza ile ninayoipenda kuliko zote, ile ya mlinda njia wa reli ambaye treni ziliacha kupita, na yeye akaendelea kuinua kizuizi kila alfajiri, kwa sababu ng'ambo alikuwepo kipofu aliyejua kumekucha kwa kusikia sauti ya chuma kile. Niliisimulia msibani kwa baba. Kaka yangu, ambaye halii, alitoka nje. Nikauliza. Akasema na hiyo pia. Filamu yenyewe ilikuwa ya mafuriko.

Nikasema miaka kumi na tisa amenidanganya. Akasema miaka kumi na tisa nimelala. Mapazia, alisema, ni ya watu, hata kipimo huja na wao. Ile robo saa ya chai ilikuwa yake. Alikuwa akianza kuitunga tangu nikoromapo, na hakuwahi kutaka imfikie mtu mwingine ila mimi. Kisha akaiona kwenye jarida, na jina langu juu yake kwa herufi nene.

Niliona aibu. Sijui niandikeje zaidi ya hivyo. Aibu ya mtu mzima, inayoshuka mpaka miguuni. Kanuni yangu haikuwa kanuni. Filamu zile zilikuwa mbovu mwanzo, mbovu katikati, na mbovu mwisho. Kilichokuwa kizuri kilikuwa upande wa dirishani, kina sindano mkononi.

Jumatatu, tarehe 18 Machi

Jana hatukutazama kitu. Tulikaa tu. Pazia la kijani lilimalizika.

Leo nimekwenda kwa Meneja kabla sijavaa aproni, nikamweleza yote, pamoja na beseni. Nukta alikuwepo, amekuja na makosa ya ratiba. Nilipofika kwenye mlinda njia wa reli akaacha kuandika.

Meneja akafungua droo. Barua kumi na moja za wasomaji, wote wanataka kujua ile filamu ya kiti cha pili wataipata wapi. Mmoja anasema aliisoma akanyanyuka kwenda kumpigia simu mama yake. Meneja akasema ukurasa haumwendei Nukta wala mimi. Anautaka kwa Mama Pacha: kila wiki filamu moja mbovu, na mwisho uliostahili kuwa nao.

Nikapendekeza palepale kwamba mimi niwe mshirika, jina langu juu, lake chini, kwa kuwa bila usingizi wangu kusingekuwa na haja ya miisho. Hoja nzito! Meneja akafunga droo. Nukta akasema hilo ni kosa langu la kumi na mbili tangu saa mbili asubuhi.

Mama Pacha amekubali kwa sharti moja: karatasi yake nitaipeleka mimi kazini, imefungwa, nisiifungue njiani. Nimekula yamini.

Ijumaa, tarehe 22 Machi

Limetoka. Jina lake, herufi nene. Limependeza, ingawa ni refu kidogo.

Sijasoma bado. Sikutaka kusoma kwa pupa, nimesimama katikati ya mashine, mikono ina gundi. Nimejiapiza kwamba mke wangu nitamsoma kwa heshima: Jumapili, nimeshiba, nimekaa kochini.

Lakini kiwanda kizima kimesoma. Dada wa mapokezi aliniuliza kama ni kweli huwa nashika ncha ya uzi wa mke wangu nikiwa usingizini. Nikamwambia sijui, nakuwa nimelala. Nukta alikuja mpaka mezani kwangu, akanipa mkono. Nukta! Akasema ameurudia ule mstari wa mwisho mara nne akitafuta kosa. Akaondoka bila kusema kama alilipata. Mzee wa Gundi alikuwa akifuta macho kwa kiwiko, akaanza kunisomea kwa sauti. Nikaziba masikio. Sitaki kuharibiwa mwisho! Nilisikia kipande kidogo tu kabla vidole havijafika, "naye bado anauliza, nami bado sijachoka." Nani hajachoka? Nitajua Jumapili.

Mama Pacha ameniuliza jioni kama nimesoma. Nikamwambia namwekea siku yake. Akatabasamu, akashika pindo, na sindano ilikuwa ikimponyoka ponyoka.

Jumapili, tarehe 24 Machi

Tumekula saa saba. Saa nane kochini. Nikafungua jarida, nikavaa miwani. Mama Pacha dirishani, ana pazia jeupe, hashoni.

Anaandika vizuri sana! Filamu ya mume na mke wanaosafiri kwa meli kubwa. Kaiponda kwa heshima. Aya ya kwanza nimecheka. Aya ya pili nimetikisa kichwa. Aya ya tatu inaanza, "Mimi hutazama filamu na mtu mmoja," na hapo jua likapenya dirishani, likanipiga usoni, zuri, la uvuguvugu.

Nilipoamka jarida lilikuwa kifuani na chai iko tayari. Nilikuwa nimeshika uzi, sijui uzi gani.

Aliniuliza nimeuonaje mwisho. Alikuwa ameinama mbele kidogo, mikono magotini. Nikajikausha. Nikasema mwisho mzuri, ila umepoa kidogo. Kama mtu mwenye uzoefu nikamshauri wiki ijayo autie nguvu, wasomaji wanapenda kitu cha kushtua.

Akanitazama mimi, akautazama ule uzi mkononi mwangu, kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka pazia likamwanguka, mpaka machozi yakamtoka, na mimi nikacheka pia ingawa sikujua tunacheka nini. Nilipoona ametulia nikakiri. Nikauliza: ikawaje?

Akavuta kikombe chake karibu. Akasema ile meli ilipokaribia bandari, mke akatoka nje kuangalia taa za mji, na ghafla angani ikatokea helikopta. Ikalipuka.

Helikopta! Nami ndiye niliyemwambia atie nguvu! Sasa naelewa kwa nini Mzee wa Gundi alilia na Nukta hakuona kosa. Kesho saa mbili asubuhi nitakusanya watu wote pale kazini niwafafanulie mwisho huo hatua kwa hatua. Kwa bahati nzuri nimeusoma kwa macho yangu mwenyewe, bila kupepesa.